Picha ya Nebula Hupetwa, Haipambwi

Leo nakuomba tutazame juu, na tutazame tukiwa hapa hapa Buruburu, Eastlands ya Nairobi. Sikupeleki Samburu wala Magadi, ambako usiku bado ni usiku. Tubaki hapa kati ya Barabara ya Mumias South na ile ya Rabai, kwenye nyumba za vigae vyekundu na ghorofa mpya zilizobanana nyuma yake, matatu za 58 zikipita na taa za kila rangi, na mulika mwizi juu ya mlingoti wake ikimwaga mwanga mpaka chumbani kwako hata ukivuta pazia.

Mtu akisimama hapa saa nne usiku akainua uso, anga analoliona ni la kijivu chenye wekundu, na nyota ni za kuhesabu. Wapenzi wa nyota hupima giza la anga kwa ngazi tisa alizozipanga Mmarekani John Bortle mwaka 2001. Ngazi ya kwanza ni giza la nyikani kusiko na taa, ya tisa ni katikati ya jiji. Sisi wa Eastlands tuko huku mwishoni.

Hata hivyo, wengi wetu tumeziona kwenye simu picha za nebula, yale mawingu makubwa ya gesi na vumbi yaliyo kati ya nyota, mekundu, ya buluu, yenye nyuzi na mikunjo. Na swali ninaloulizwa kila nikiigusa mada hii ni moja: "Hiyo si imetengenezwa na kompyuta?" Ni swali la haki, hasa zama hizi ambapo picha ya uongo hutengenezwa kwa dakika moja. Jibu langu ni kwamba ndiyo, imepita kwenye kompyuta, tena kwa saa nyingi. Lakini kazi inayofanyika humo, ikishikwa na mtu mwaminifu, ni ya kupeta. Mama anayepeta mchele kwenye ungo haongezi hata punje moja. Anatoa makapi, chuya na mawe, mpaka mchele wenyewe uonekane. Hilo ndilo ninalotaka kukuthibitishia leo, hatua kwa hatua.

Tuanze na nebula iliyo rahisi kwetu kuliko zote. Imo katika kundi la nyota la Jabari, ambalo Wazungu huliita Orion. Katikati ya Januari, kati ya saa nne na saa tano usiku, Jabari huwa utosini mwako hapa Nairobi. Tafuta nyota tatu zilizopangana kwenye mstari mmoja, huo ndio mshipi wake. Karibu na mshipi kuna nyota nyingine hafifu zilizofuatana, huo ni upanga. Nyota ya katikati ya upanga ukiikazia macho utaona ina ukungu. Huo ukungu ndio nebula ya Jabari, M42 katika orodha ya Mfaransa Charles Messier. Iko umbali wa takriban miaka nuru 1,300, maana yake mwanga utakaoupokea ulianza safari enzi ambazo miji ya kale ya pwani yetu, kama Shanga kule kisiwani Pate, ndiyo kwanza inaota mizizi. Ndani yake nyota changa zenye joto kali zinaitia gesi nguvu mpaka ing'ae: hidrojeni kwa wekundu, oksijeni kwa kijani kilichoelekea buluu.

Mbona basi jicho linaona ukungu wa kijivu tu? Kwa sababu zile chembe za jicho zinazotambua rangi hudai mwanga mwingi. Gizani tunaonea zile nyingine, ambazo hazijui rangi. Hata ukiweka jicho kwenye darubini nzuri, wekundu wa Jabari karibu hauonekani kabisa. Kamera, kwa upande wake, ina subira. Jicho hupokea mwanga na kuuachia papo hapo, kamera huukusanya. Tarehe 30 Septemba 1880, daktari Henry Draper wa New York aliacha bamba lake la kioo lipokee mwanga wa nebula hii kwa dakika 51, na hiyo ikawa picha ya kwanza kabisa ya nebula.

Kwa mtu wa Nairobi, kukusanya huko kuna vikwazo vyake. Dunia inazunguka, kwa hiyo anga linatupita kwa digrii 15 kila saa, na Jabari yuko karibu na ikweta ya anga, mahali ambapo mwendo huo ni wa kasi zaidi. Kamera ya kawaida yenye lenzi ya milimita 50, ikiwa juu ya stendi isiyosogea, haitavuka sekunde sita hivi kabla nyota hazijawa vistari. Kuna mitambo inayoizungusha kamera ili ifuate nyota, lakini mingi ilibuniwa na watu wa kaskazini, ambao huilenga kwenye nyota ya Kutubu. Sisi tuko digrii moja na kidogo kusini mwa ikweta, na Kutubu kwetu haionekani. Ncha ya kusini ya anga nayo imelala digrii hiyo moja tu juu ya upeo, yaani nyuma ya ghorofa ya jirani. Kwa hiyo wengine huulenga mtambo kwa kuangalia nyota inavyoteleza, wakirekebisha kidogo kidogo mpaka itulie. Wengine huacha mtambo kabisa na kupiga picha fupi fupi kwa mamia. Picha 600 za sekunde sita sita ni saa nzima ya mwanga.

Na tusilalamike sana, kwa maana ikweta ina ukarimu wake. Jabari akiwa utosini, mwanga wake unapita kwenye tabaka jembamba la hewa kuliko unavyopita Ulaya. Upande wa kusini tunayo nebula ya Carina, kubwa kuliko ya Jabari, ambayo Nicolas-Louis de Lacaille aliiandika mwaka 1752 akiwa Rasi ya Tumaini Jema, na ambayo mtu wa London haioni maisha yake yote asipofunga safari. Tatizo ni kwamba Carina husimama vizuri jioni za Machi hadi Mei, na hiyo ndiyo masika. Mawingu ya Julai na Agosti nayo huificha ile sehemu nono ya Njia Nyeupe. Ndiyo maana Nairobi usiku wa Januari na Februari ni mali.

Sasa tuketi mbele ya kompyuta tufungue faili ghafi moja kati ya hizo 600. Usitarajie wingu jekundu. Utaona uwanja wa kahawia, umepauka zaidi upande ule uliokuwa karibu na mulika mwizi. Kuna nyota kadhaa, na kwenye upanga wa Jabari doa dogo lililofifia. Ukivuta karibu, uwanja mzima umejaa chengachenga: pikseli nyekundu hapa, kijani pale, bila mpangilio. Baadhi ya chenga hizo ni tabia ya mwanga wenyewe, ambao huja chembe chembe, mara chembe nyingi, mara chache. Nyingine ni za kamera, kutokana na joto lake na umeme wake.

Kupeta kunaanza na makosa ya kamera. Unafunika lenzi kwa kifuniko chake, unapiga picha za giza tupu, sekunde zile zile, mpangilio ule ule, usiku ule ule. Katika picha hizo hakuna nyota hata moja, kwa hiyo chochote kinachong'aa humo ni cha kamera. Programu inakitoa kwenye kila picha ya anga.

Hatua inayofuata naipenda kwa urahisi wake. Alfajiri, anga likianza kupambazuka, chukua fulana nyeupe safi, ivute mbele ya lenzi isiwe na mkunjo hata mmoja, ifunge kwa raba bendi, elekeza kamera juu, upige picha kadhaa bila kugusa fokasi. Zitatoka tupu. Lakini zikodolee macho: pembe zake zina giza kuliko katikati, na hapa na pale pana viduara vya kivuli. Pembe ni udhaifu wa lenzi. Viduara ni vumbi lililotua ndani ya kamera, na Buruburu vumbi hatujawahi kulikosa. Programu inaigawanya kila picha ya anga kwa picha hii ya fulana, na pembe zinarudi sawa, viduara vinafutika. Angalia kilichotendeka hapo: hakuna aliyebuni anga lilivyotakiwa kuwa. Kosa limepimwa kwa ushahidi wake, kisha likaondolewa kwa kipimo hicho hicho.

Baada ya hapo picha zote 600 hupangwa moja juu ya nyingine. Programu kama Siril na DeepSkyStacker hufanya kazi hii, na zote mbili ni za bure. Zinatambua nyota, zinazilinganisha zikae mahali pamoja, kisha zinatafuta wastani wa kila pikseli. Nebula iko pale pale katika kila picha, kwa hiyo inabaki. Chenga hurukaruka, kwa hiyo zinafutana. Hesabu yake ni ya kipeuo cha pili: picha 100 hupunguza chenga mara kumi, picha 400 mara ishirini. Ukitaka kuzipunguza nusu tena, lazima picha ziwe mara nne. Kazi hii inamlipa mwenye subira, na malipo yenyewe yanazidi kupungua kadiri unavyoendelea.

Na zile ndege? Uwanja wa Jomo Kenyatta hauko mbali nasi, na ndege ikipita inaacha mstari wa taa katikati ya picha. Hilo halitutishi. Pikseli ambayo katika picha 599 ina thamani karibu moja, halafu katika picha moja tu ikaruka juu, programu inaitilia shaka na kuiacha nje ya wastani. Setilaiti nazo huondoka kwa njia hiyo hiyo.

Tumfikie sasa adui mkubwa, mwanga wa jiji. Mwanga huo una tabia inayousaliti: hubadilika polepole kutoka upande mmoja wa picha hadi mwingine, ilhali nebula ina kingo na nyuzi. Mtu anachagua sehemu za picha anazoamini ni anga tupu, programu inakadiria umbo la mwanga wa jiji kutokana na hizo, kisha inautoa. Hapa panahitaji mkono mwepesi. Ukiweka alama juu ya ukungu hafifu ulio sehemu ya nebula yenyewe, umetupa mchele pamoja na makapi.

Na yafaa tusemezane ukweli wote. Unaweza kuutoa mwanga wa mulika mwizi, lakini chenga zilizokuja na mwanga huo zinabaki. Wastani wake tunaujua na tunaupunguza, ila kurukaruka kwake hakuna wa kukujua pikseli kwa pikseli. Ndiyo sababu saa moja Magadi, mwendo wa kama kilomita 100 kutoka hapa, inashinda saa nyingi za Buruburu. Kuna kichujio kinachosaidia, kinachoruhusu tu wekundu wa hidrojeni, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 656, na kuzuia karibu kila kitu kingine. Zile taa za zamani za sodiamu, za rangi ya machungwa, zilikuwa na mwanga mwingi uliobanwa karibu na nanomita 589, kwa hiyo zilikwepeka. Taa nyeupe za LED zimetandaza mwanga wao kwenye rangi zote, na kuzikwepa ni vigumu zaidi.

Baada ya kupeta kote huko, picha bado inaonekana nyeusi. Thamani zote zimerundikana upande wa giza, na nebula iko humo imebanwa. Hatua ya mwisho iliyo kubwa ni kuinyoosha: kuinua yaliyo hafifu bila kuunguza yanayong'aa. Unasogeza kidhibiti kidogo, unangoja, unasogeza tena. Kwanza linajitokeza lile doa la katikati. Kisha mabawa mawili yanafunguka pembeni. Kisha ukungu unaenea mpaka ulipodhani pana utupu. Nakwambia, msikilizaji, mwenye moyo hawezi kuitazama hatua hiyo bila kuguswa, kwa sababu mwanga huo wote ulikuwa umeshafika. Uliangukia paa la Buruburu ukapita kwenye lenzi ile, na kilichobaki kilikuwa kuutenga na wa kwetu.

Tuje kwenye rangi, maana hapo ndipo wengi hukwama. Katika picha ya kamera ya kawaida, nyota zenyewe ni kipimo. Rangi za nyota nyingi zinajulikana, na programu huzioanisha nazo mpaka picha nzima ikae sawa. Lakini kuna picha ambazo rangi zake zimepangiwa. Ile maarufu kuliko zote, ya Nguzo za Uumbaji katika nebula ya Tai, ilipigwa na darubini ya Hubble tarehe 1 Aprili 1995, na waliohusika ni Jeff Hester na Paul Scowen. Walitumia vichujio vitatu. Salfa wakaipa wekundu, hidrojeni kijani, oksijeni buluu. Kwa macho, salfa na hidrojeni zote ni nyekundu, na zingechanganyika usijue ipi ni ipi. Kuzitenganisha kwa rangi ni kama ramani ya shule inavyofanya kwa nchi na bahari, na walisema wazi walichofanya.

Kenya inalo somo la zamani kuhusu hilo. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kwa kuchunguza eksirei za angani. Siku hiyo ilikuwa sikukuu yetu ya uhuru, na setilaiti ikapewa jina Uhuru. Eksirei hazionekani kwa jicho lolote la binadamu. Mtu akidai picha ya eksirei yenye "rangi halisi" anadai kisichokuwepo. Anachostahili kudai ni kuambiwa kila rangi inasimamia nini.

Uongo, basi, unaingilia wapi? Unaingia pale mtu anapoanza kutia. Siku hizi kuna programu za akili bandia za kufuta chenga na kunoa picha. Nyingine ni msaada mkubwa zikitumiwa kwa kiasi. Lakini programu iliyofunzwa kwa maelfu ya picha za wengine inaweza kuchora uzi wa gesi mahali ambapo kamera yako haikunasa kitu, kwa kuwa tu mahali kama hapo huwa pana uzi. Picha itapendeza, na haitakuwa ya anga lako. Kinga yake ni ya kizamani: hifadhi faili zako ghafi, andika kila hatua, na linganisha matokeo na picha ya mtu mwingine wa anga hilo hilo. Kisichoonekana katika data yako, kiache kisionekane.

Sasa kijana wa Buruburu asiye na kamera atasema haya hayamhusu. Yanamhusu sana. Data ghafi za Hubble na za darubini ya James Webb zinahifadhiwa Baltimore, Marekani, na baada ya muda waliotengewa wanasayansi wenyewe kupita, hufunguliwa kwa yeyote duniani bila malipo. Zile zile zilizotoa Nguzo za Uumbaji unaweza kuzishusha wewe, ukatumia programu ya bure, ukafanya uamuzi wako mwenyewe kuhusu kila hatua. Anayejifunza hapo anajifunza takwimu, fizikia ya mwanga na nidhamu ya ushahidi, na maarifa hayo yatamfaa akisoma picha za eksirei hospitalini au picha za setilaiti za mashamba yetu. Susan Murabana na mwenzake Chu Owen, kupitia shirika lao la The Travelling Telescope, wamezungusha darubini mashuleni kwa miaka, na watoto wameweka jicho. Ningependa kazi hiyo ifuatwe na ya pili, ya kompyuta. Tunayo maktaba pale Makadara, tawi la Maktaba ya McMillan. Jumamosi moja kwa mwezi, kompyuta chache, faili zimeshashushwa kwenye diski ili bando isiwe kikwazo. Sioni la kutuzuia.

La mwisho ni taa zenyewe. Sitakuambia zizimwe. Dada anayeteremka stejini saa tatu usiku anaihitaji mulika mwizi, na usalama wake unatangulia picha yoyote. Lakini taa inayomwaga mwanga wake mawinguni haimsaidii dada huyo, na inayowaka machoni inamficha anayejibanza kivulini. Taa yenye kofia, inayoelekeza mwanga wote chini barabarani, inamulika njia vizuri zaidi kwa umeme mdogo zaidi. Kaunti inapobadilisha taa za mtaa wenu, na vyama vya wakazi vinapoitwa kutoa maoni, ulizeni swali hilo: je, zina kofia? Mkilipata hilo, mmelinda njia ya dada yetu, mmepunguza gharama, na mmemrudishia kila mtoto wa Eastlands sehemu ya anga lake.